Mama Riboni na Chumba cha Kufungia Zawadi

Mama Riboni aliingia kwenye kazi ya kufunga zawadi kwa mlango wa nyuma. Duka kubwa la vyombo vya nyumbani lilimwajiri kama mfagiaji, na asubuhi moja dada aliyekaa kwenye meza ya zawadi akaamka na shavu limevimba kwa jino mpaka jicho limefumba. Wateja walikuwa wamejaa. Msimamizi akatazama huku na huku, akamwona mama wa ufagio, akamwambia, "Hebu shika mkasi hapo, usije ukaniaibisha." Hakumwaibisha. Yule dada alipopona alikuta meza imeshapata mwenyewe, akahamishiwa kwenye sahani na vikombe, na wala hakununa.

Mkono wa mama huyu ulikuwa mwepesi. Birika lenye mdomo na mkono, kitu kinachowatoa jasho wafungaji wengi, yeye alilivika karatasi kama mtoto anavyovikwa sweta, mkono huu kwanza, kisha ule, kisha kichwa. Vipande vya utepe vilimganda kwenye sketi akarudi navyo nyumbani bila habari, watoto wa mtaa wakaanza kumwita Mama Riboni. Jina likashika. Hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, akipiga simu kutoka njiani aliuliza, "Riboni, umekula?"

Miaka ikaenda. Kisha mambo mawili yakamkuta, moja juu ya jingine, kama mtu aliyeinama kuokota kijiko, akiinuka akajigonga kabatini.

La kwanza lilikuwa la mumewe. Dereva, maana hata yeye jina lake watu walishalisahau, alirudi safari akiwa mzima kabisa. Akaoga, akakaa kunywa chai, na kikombe kikamtoka mkononi. Kiharusi. Hospitali walimrudishia roho yake, lakini upande wa kulia ulibaki umelala, na maneno yakamchanganyikia kichwani. Akitaka maji alisema "breki." Akitaka kugeuzwa upande alisema "mzigo." Mara mojamoja neno sahihi lilimtoka lenyewe, naye akashangaa kama walivyoshangaa wenzake.

La pili lilikuwa la duka. Lilipata wenye mali wapya, meza ya zawadi ikaondolewa, mahali pake likawekwa jokofu la soda. Meneja mpya alikuwa kijana mpole. "Mama yangu, usiniwazie vibaya," alimwambia. "Wateja wa siku hizi wana haraka. Hata mimi nimeagizwa tu." Ukimtazama usoni uliona ni kweli kaagizwa. Sasa utagombana na nani? Mama Riboni akachukua kiinua mgongo chake na mabunda ya karatasi yaliyobaki, akaenda zake.

Jioni ile dada yake mkubwa akaja. Alikuwa fundi cherehani, ulimi mkali, moyo laini, sindano siku zote zimechomekwa kifuani kama nishani.

"Haya. Sasa?"

"Nataka kufungua kaduka. Nifunge zawadi za watu."

"Karatasi?" Dada aliketi. "Mdogo wangu, mtu akipewa zawadi, cha kwanza anachofanya ni kuichana hiyo karatasi. Nani atakulipa kwa kitu cha kuchanwa?"

"Hata keki huliwa ikaisha."

"Keki inashibisha."

Mama Riboni alikunja kanga aliyokuwa ameshaikunja. "Nikiajiriwa kwa watu, huyu nitamwacha na nani? Jirani aliyekuwa akimchungulia amehama. Nikiwa na pangu, nitakwenda naye, atakaa nami, ataona watu. Hapa anaangalia dari kutwa nzima, dada. Kutwa nzima."

Kitandani, Dereva akafumbua mdomo akasema, "Gia."

Wote wawili wakageuka.

"Umesikia?" Mama Riboni akasema. "Amekubali."

"Amesema gia."

"Ndiyo hivyo. Tunapanda."

Dada akacheka mpaka akajichoma na sindano yake, na mjadala ukaishia hapo.

Chumba alichopata kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya fundi wa funguo na studio ya picha. Ukinyoosha mikono uligusa kuta zote mbili. Akaning'iniza mabunda ya karatasi kwenye bomba la pazia, tepe akazipachika kwenye misumari, rangi kwa rangi. Meza ikakaa katikati, na karibu na mlango kiti cha Dereva chenye mito miwili. Siku ya kwanza fundi funguo alikuja kupiga hodi. "Jirani," akasema, "sisi hatutapatana. Kazi yangu kufungua, yako kufunga." Dereva akacheka kwa upande mmoja wa uso. Mkewe alikuwa hajausikia mcheko ule tangu kile kikombe kianguke.

Ilikuwa siku hizohizo za mwanzo ndipo Dereva alipojipatia kazi. Mama Riboni alikuwa akifunga boksi la glasi, amevuta utepe, amepiga fundo la kwanza, na fundo linateleza. Mkono wa kushoto wa mumewe ukanyooka taratibu kutoka kitini, kidole kikalikandamiza fundo. Hakuna aliyemwomba. Mama Riboni akapiga kitanzi cha pili, akavuta, na kidole kikachomoka palepale kabla hakijabanwa. Alichukua boksi jingine tu, akaliweka pale ambapo mkono ule ungelifikia.

Wateja wakaanza kuja kwa kudondoka. Alikuja jamaa na tairi la baiskeli la mdogo wake, akitaka lifungwe "asijue kabisa kama ni tairi." Mama Riboni akakuna kichwa, akalitia kwenye boksi la feni. Alikuja kizee mmoja na koti la mumewe mwenyewe, amelifua na kulipiga pasi. "Jipya sina uwezo nalo," akasema. "Nataka tu alipokee kama lililonunuliwa." Lile Mama Riboni alilifungia karatasi ya bei juu, akamwambia bibi yule kwamba leo ni bure kwa mteja wa kwanza, ingawa hakuwa wa kwanza.

Kisha ikaingia miezi ya harusi, na foleni ikafika kwenye mlango wa studio. Dada akaacha cherehani akaja kukata selotepu. Dereva alimkaribisha kila aingiaye kwa "Breki!", watu wakacheka, naye akacheka nao, na kidole chake hakikupumzika. Mama Riboni alirudi nyumbani miguu imevimba na moyo umejaa.

"Unaona?" akamwambia dada yake.

"Naona," dada akajibu. "Nasubiri kuona na miezi isiyo na harusi."

Ikaja mifuko.

Hakuna aliyejua ilikotokea. Ilikuwa mifuko ya karatasi ngumu inayong'aa, yenye kamba za kushikia na picha ya maua. Ilianza kuning'inia kwenye duka moja, mara kwenye matano, mara kila mahali. Hata muuza mayai alikuwa nayo. Mtu anatumbukiza zawadi, anafunika na karatasi laini juu, kwisha. Mama Riboni alinunua mmoja akaugeuzageuza mezani, akitafuta kasoro ya kuushitakia. Hakuiona. Mfuko ulikuwa mzuri, ulikuwa rahisi, na mtu akishapewa aliweza kuutumia tena kumpelekea mwenzake. Angeuchukia vipi?

Kilichomuuma zaidi ni mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, aliyepita mbele ya duka na mfuko wa maua mkononi. Alipomwona Mama Riboni mlangoni akauficha nyuma ya mgongo, akasalimu kwa haraka, akapita. Angepita nao mbele, ingekuwa nafuu.

Hakukaa akafunga mikono. Alijaribu kuuza mifuko yeye mwenyewe, lakini bei aliyoinunulia ndiyo wenzake waliyouzia. Akaweka kadi, zikadoda. Akajifunza kutengeneza maua ya karatasi mpaka vidole vikapasuka. Mpiga picha wa studio, kwa wema wake, akampigia picha kazi zake zikawekwa kwenye simu, na watu wengi wakazipenda. Waliuliza bei, wakaandika "nzuri sana mama," wakapotea. Walisifu kwa vidole, wakaenda kununua mifuko kwa miguu.

Siku zikawa ndefu. Dereva alikaa kwenye mito yake, mkono wa kushoto juu ya goti, akingoja. Na hapo ndipo Mama Riboni alipoanza jambo ambalo hakumwambia mtu. Alichukua boksi tupu la sabuni, akalifunga kwa karatasi nzuri, akavuta utepe.

"La nani?" macho ya Dereva yaliuliza.

"La mteja wa kesho," alijibu. "Shika hapa."

Kidole kikaja, kikakandamiza. Mchana Dereva aliposinzia, yeye alilifungua lile boksi polepole, akainyoosha karatasi kwa kiganja, akaiweka tayari kwa mteja mwingine wa kesho. Karatasi moja iliweza kufungwa hivyo mara nyingi kabla mikunjo haijaanza kuonekana.

Mwisho wa mwaka, maji yalipokuwa yamemfika shingoni, akaja bwana mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Kampuni yao ilitaka kuwapa wafanyakazi wote chupa za chai, na zawadi zifungwe hasa, kwa karatasi na utepe, siyo mifuko. Alilipa nusu papo hapo, na iliyobaki akaileta kabla hata kazi haijaisha. Mama Riboni akashusha mabunda yote kutoka kwenye bomba la pazia.

Maboksi yalijaa chumba, yakamwagikia kwa fundi funguo. Dada alikata karatasi, fundi funguo alikunja pembe kwa ulimi umetoka nje kama mtoto wa shule, Mama Riboni alifunga, na Dereva alishika fundo baada ya fundo. Kidole kilipata alama nyekundu ya utepe. Mkewe alipojaribu kumpumzisha alimtazama kwa hasira. "Gia," akasema. Wakaendelea.

Siku ya kupeleka, Dereva hakukubali kubaki. Wakampandisha mbele kwenye pikapu iliyobeba mzigo, wakamkalisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu ndani ya ukumbi wa kampuni, maboksi yakapangwa juu ya meza ndefu. Yalipendeza, hakuna wa kusema vinginevyo. Wafanyakazi walichungulia mlangoni, wakapiga miluzi.

Kisha akaingia dada wa ofisi, aliyekuwa akisimamia shughuli. Akatazama, akashika kiuno, akapiga simu. Akazungumza kwa sauti ya chini, akaitikia, "Sawa bosi, sawa," akakata.

"Mama," akasema, "kuna tatizo dogo. Kwenye boksi imechapwa nembo ya kampuni. Bosi anataka ionekane kwenye picha."

"Sasa mwanangu?"

"Zifunguliwe tu. Wageni wako njiani." Akaona uso wa Mama Riboni, akaongeza kwa upole wa kweli, "Malipo yako umeshapata, mama. Hupotezi kitu."

Na ni kweli, alikuwa amelipwa. Hilo ndilo lililomziba mdomo. Angedai nini? Alitaka kuomba angalau wamwachie mkasi afungue mwenyewe, taratibu, karatasi isiharibike, lakini watu walikuwa wameshaingia, kila mmoja na boksi lake, wakicheka na kuchana kwa mikono miwili. Sauti ya kuchanika ilijaa ukumbi. Dada mshonaji alisimama na kinywa wazi.

Boksi la mwisho wa meza lilikuwa karibu na kiti cha Dereva. Kijana mmoja alipoushika utepe wake avute, mkono wa kushoto wa Dereva ukanyooka, kidole kikalikandamiza fundo. Kijana akatabasamu, akadhani mzee anamsaidia, akavuta kwa nguvu. "Mzigo," Dereva akasema. "Mzigo. Mzigo." Utepe ukamteleza chini ya kidole.

Wakarudi na pikapu tupu.

Kesho yake dada alikuja asubuhi na hakuketi. "Funga duka," akasema. "Hii hela ya kampuni ukiondoka nayo sasa itawasitiri. Ukingoja, mwenye nyumba ataila yote."

"Akirudi kwenye ile dari atakufa."

"Na ukikosa ya kununulia dawa, atapona?"

Mama Riboni alimtazama dada yake akitafuta jibu. Alijua lipo mahali, maana mtu hawezi kubanwa pande zote hivi pasiwe na upenyo. Lakini kila alipogusa palikuwa ukuta, kama chumba chake. Akasema tu, "Dada, mimi sijui."

"Hata mimi sijui," dada akasema, na sauti yake ikapungua. "Ndiyo maana napiga kelele."

Mwenye nyumba akatuma ujumbe kwamba mkataba unaisha, kama anaendelea aseme. Mchana ule hakukuwa na mteja. Mama Riboni alitandaza karatasi, akaweka lile boksi la sabuni katikati, lakini mikono ikakataa. Alikaa akiitazama. Dereva alimwangalia muda mrefu. Kisha neno likamtoka, safi, bila kukwama.

"Funga."

Mama Riboni alishtuka. "Nifunge nini, baba? Boksi au duka?"

Dereva alihangaika, shavu la kushoto likatetemeka. "Funga," akarudia, na jasho likamtoka.

Alimshika mkono. Akamwuliza tena, akaonyesha boksi, akaonyesha mlango. Macho ya mumewe yakaenda huku, yakaenda kule, yakajaa machozi, na neno halikuja tena. Baadaye alimsimulia dada yake, na dada akasema, "Si amekwambia? Amesema ufunge duka." Fundi funguo aliposikia akasema, "Aa, alitaka boksi. Huyu anaipenda kazi." Kila mtu alisikia alichokuwa akikingoja. Mama Riboni peke yake, aliyekaa na mtu huyu nusu ya umri wake, hakusikia kitu.

Mwishowe kodi ndiyo iliyoamua. Alifunga. Tepe zilitolewa kwenye misumari, mabunda yakafungwa kamba, meza ikahamia kwenye baraza la dada, nyuma ya cherehani, na kitanda cha Dereva kwenye chumba cha ndani.

Siku za kwanza alimpeleka Dereva barazani. Lakini baraza lile lilitazamana na ukuta wa jirani, hapapiti mtu, na mlio wa cherehani ulimchosha. Wiki zikapita, akaacha kuinua mguu wa kuvishwa kiatu. Mkewe alimsihi, akamtania, akamkasirikia, akamsihi tena. Akabaki kitandani. Hata yale maneno yake ya barabarani yalianza kumwacha moja moja, na Mama Riboni alikuwa tayari kutoa chochote alicho nacho asikie tu mtu anaomba maji kwa jina la breki. Alimwogesha, akamgeuza, akampa dawa, akakimbia barazani kushona vifungo vya mashati ya watu, maana sasa hicho ndicho kilichowaweka mjini. Zawadi zilikuja, moja leo, nyingine mwezi ujao.

Asubuhi moja alifika mwanamke mmoja mchangamfu, mtoto mgongoni. Akasalimu, akajitambulisha kuwa alikuwa akiuza vipodozi kwa kutembeza, miguu imechoka.

"Nimepata chumba," akasema. "Pale kati ya fundi funguo na studio. Nataka kufunga zawadi. Watu wameniambia wewe ulikuwepo, nikaona nisianze bila kumwuliza aliyetangulia. Mama, inalipa? Niambie ukweli."

Mama Riboni aliweka shati chini. Akamwambia ukweli, wote. Akamwambia habari za mifuko, kadi zilizododa, sifa za kwenye simu, miezi inayopita mtu akiangalia mlango. Akamwambia kwamba karatasi peke yake hailishi, labda awe na kitu kingine cha kuuza, na hata hivyo asiingie mkataba mrefu. Mwanamke alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa, akimtikisa mtoto.

"Na miezi ya harusi?"

"Miezi ya harusi kuna kazi. Siwezi kukudanganya."

"Foleni?"

"Ilifika hadi studio."

Mwanamke akatabasamu, na Mama Riboni akaona kwamba yale mengine yote yameshapita kama upepo. Angefanyaje? Amshike mguu? Alimtazama yule mtoto mgongoni, akaelewa pia kwamba mama huyu, kama yeye, hana mtu wa kumwachia.

"Nifundishe basi kitu kimoja," mwanamke akasema. "Kitu kigumu."

Mama Riboni akatazama huku na huku, akachukua pasi ya dada yake iliyopoa, akafunua bunda la karatasi ya bluu. Alimwonyesha pa kukata, pa kukunja, namna ya kuupitisha mkono wa pasi bila kuibana karatasi ikapasuka. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Alikuwa hajafunga kitu kizima kwa siku nyingi.

Ndani, Dereva akagonga ukuta. Siku hizo hakuita tena, aligonga tu.

"Nakuja," akasema. Akaenda, akamnywesha maji kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamgeuza. Ilichukua muda, maana maji mengine yalirudi. Aliporudi barazani mwanamke alikuwa ameondoka na mabunda mawili aliyoruhusiwa kuyachukua. Mtoto alikuwa ameanza kulia, dada akasema. Pasi ilikaa mezani imefungwa yote, ina hata ua la utepe, limekaa upande kidogo.

"Sasa pasi yangu mmeifungia nini?" dada akauliza kutoka kwenye cherehani. "Nina suruali ya watu hapa, mwenyewe anakuja kuichukua."

"Nafungua," Mama Riboni akasema, akakaa, akaanza kutafuta mwanzo wa utepe.